Kazi ya Kivulini

Ipo methali ambayo kila mtoto wa skuli anaijua: mchumia juani hulia kivulini. Tunaichukua kama nasaha ya bidii. Sulubika leo, kesho utapumzika. Sina ugomvi na nasaha hiyo. Ninachotaka tukiangalie ni namna methali hii inavyoigawa dunia pande mbili. Juani ndiko kwenye kazi, kivulini ndiko kwenye kula. Mkulima yuko juani, mvuvi yuko juani, hamali wa bandarini yuko juani. Jioni wanarudi, wanakaa kivulini, wanakula walichochuma.

Sawa. Lakini huko kivulini wanapofika wanamkuta nani? Mara nyingi wanamkuta mwanamke amekaa mkekani tangu mchana, na mikono yake inakwenda. Huyu naye anachuma, ila anachumia pale pale ambapo methali imepanga watu wapumzike. Basi tumhesabu wapi?

Kwa sisi wa Unguja hili si swali la kufikirika. Nenda shamba saa nane mchana, jua likiwa kali, utawaona kina mama chini ya mwembe wanasuka ukili. Majani machanga ya mkindu yameshakatwa, yameshaanikwa, yameshachanwa kuwa chane, mengine yameshachemshwa na rangi. Chane zinasukwa utepe mrefu, na huo utepe ndio ukili. Unapimwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Pima zikitosha, utepe unashonwa ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo unapopata mkeka, msala, kikapu cha sokoni au kawa la kufunikia chakula. Kazi yote hiyo inafanyika kwa kukaa, na sehemu kubwa yake inafanyika watu wakizungumza.

Mjini, ndugu yake ukili ni kroshia, ile sindano fupi yenye kidoana mwishoni. Kwa miaka mingi kroshia yetu ilikuwa ya vitambaa: vya makochi, vya meza, vya juu ya tivii. Hakuna Mswahili aliyekulia kwenye nyumba yenye sebule asiyevijua. Siku hizi mikono ile ile inafuma vikapu. Kikapu cha vitunguu jikoni, cha rimoti sebuleni, cha taulo bafuni, cha mafuta na pamba za mtoto mchanga. Nyumba za wageni za Mji Mkongwe zinavipenda. Uzi unaweza kuwa wa dukani, na unaweza kuwa fulana ya mtumba iliyokatwa utepe mmoja mrefu bila kukatika.

Namjua mama mmoja wa Ng'ambo anayefuma vikapu hivyo. Ameolewa miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo amefuma. Pesa yake haikuwahi kuja kwa mkupuo. Elfu tano leo, elfu kumi wiki ijayo, mwezi mwingine hakuna kitu. Mume alikuwa na mshahara. Akaleta mchele, akalipa umeme, akajenga. Yeye akanunua sare za skuli, madaftari, gesi ilipokatika katikati ya mwezi, dawa za homa, sukari ya wageni. Hakuna aliyeandika popote. Mshahara wa mume ukapata nafasi ya kwenda kwenye matofali, kwa sababu vitu vidogo vidogo vinavyomaliza mshahara vilikuwa vinalipiwa na uzi.

Walipoachana, wazee wa pande mbili wakakaa kikao. Akaulizwa, "Na wewe mchango wako katika nyumba hii ni upi?" Akasema, "Mie nimefuma." Mzee mmoja, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe si mtu mbaya hata kidogo, akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kufuma si kupitisha wakati tu?"

Alinisimulia haya huku anafuma, na mara mbili alinyamaza kidogo ili asipoteze hesabu ya mafundo yake.

Nimeshikwa na maneno hayo, kupitisha wakati. Yule mzee hakuyatunga. Aliyasikia kwa wanawake wenyewe. Mpite mtu anasuka ukili, umuulize, "Unafanyaje, bibi?" Atakwambia, "Aa, napitisha wakati tu, mwanangu." Mwenye kroshia atasema, "Naondoa usingizi." Kwa hiyo mtu anaweza kusema, kama wenyewe wanasema hivyo, mie nani niwabishie?

Lakini tujiulize kwa nini wanasema. Sababu moja ni adabu; kwetu mtu hajisifii kazi yake mbele ya mpita njia. Sababu nyingine ni husuda, maana anayetangaza chumo lake anakaribisha macho. Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike. Mume ndiye anayetarajiwa kulisha nyumba. Mke akitamka hadharani kwamba gesi na madaftari vinatoka kwenye kikapu chake, amemvua mumewe nguo mbele za watu. Kwa hiyo anasema anapitisha wakati. Anamsitiri. Neno hilo dogo ni shuka amemfunika mwenziwe nayo, na amelirudia miaka kumi na moja bila kuchoka. Siku ya kikao, sitara ile ile ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Si mwenyewe ulikuwa unasema unapitisha wakati?

Hapa ndipo ninapoona dhulma, na wala si kwenye hesabu ya shilingi. Sisi wote tulijua kwamba ile ni kauli ya heshima. Tuliifaidi kama heshima ndoa ilipokuwa nzima. Ilipovunjika tukaamua kuichukua neno kwa neno.

Mie si mwanazuoni, lakini nilichofundishwa chuoni kila mtoto wa Kiunguja amefundishwa. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na chumo la mke ni mali yake mwenyewe. Maana yake, kila daftari alilonunua mama yule lilikuwa hisani. Hakuwa analipa deni. Sasa kumwambia kwamba hisani yake ilikuwa si kitu ni kumnyima mara mbili. Kwanza umetumia mali yake, halafu umekataa kuwa ilikuwapo.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana labda bado kuna msomaji anayejiuliza kama kweli ni kazi. Tuchukue kikapu kidogo cha kroshia cha mviringo, cha kuwekea vitunguu. Unaanza katikati ya kitako na mafundo 6. Raundi ya pili ni 12, ya tatu 18, na kila raundi inaongezeka 6. Ukisahau kuongeza, kitako kinajikunja kama bakuli. Ukizidisha, kinafanya mawimbi na kikapu hakikai mezani. Raundi ya kumi inafika mafundo 60, na ukijumlisha zote kumi umepata mafundo 330. Hapo unaacha kuongeza, na ukuta wa kikapu unaanza kusimama wenyewe. Raundi 15 za mafundo 60 ni 900. Jumla 1,230. Na kila fundo lina hatua zake: chomeka sindano, vuta uzi, vuta tena upite kwenye vitanzi viwili. Ukivuta kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, ukuta unapinda, na mnunuzi ataona.

Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Sweta ya dukani inafumwa na mashine, lakini kroshia halisi viwanda havijaiweza. Vitambaa vya kiwandani vinavyofanana nayo hufumwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo ukikuta kikapu cha kroshia popote duniani, kwa bei yoyote ile, ujue kimepita mikononi mwa mtu fundo kwa fundo. Kama ni rahisi kupita kiasi, hakuna mashine iliyoirahisisha bei. Kuna mtu amepunjwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hiki kimeundwa na vidole.

Dini yetu imetufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nimeisikia hadithi hiyo kwenye hotuba za Ijumaa tangu utotoni, na kila mara picha inayonijia ni ya mwanaume: fundi wa ujenzi, mchimba kisima, mpagazi. Picha hiyo ina jasho. Anayesuka kivulini jasho halimtoki, basi ujira wake unafika lini? Nadhani tumelichukua jasho kama sharti la malipo, na kumbe lilitajwa kutuhimiza tusicheleweshe.

Na tukitaka mfano wa msusi, upo, tena mkubwa. Salman Al-Farisy, sahaba wa Mtume (S.A.W.), alikuwa liwali wa Madain, katika nchi ambayo leo ni Iraq. Inasimuliwa kwamba hata akiwa liwali alikuwa akisuka vitu vya majani ya mtende kwa mikono yake, na posho ya uliwali akiitoa sadaka. Alikuwa akinunua majani kwa dirhamu moja na kuuza alichosuka kwa dirhamu tatu. Moja aliirudisha kununua majani mengine, moja aliwalisha watu wake, na moja aliitoa sadaka.

Ninaipenda hesabu hiyo kwa sababu haina haya. Mtaji una fungu lake, nyumba ina fungu lake, sadaka ina fungu lake. Wala sadaka haikutolewa kwa kupunguza bei. Ilitoka baada ya kazi kulipwa. Tukiiweka hesabu hiyo mbele ya bei za vikapu vyetu, vingi havifiki hata dirhamu ya pili. Tuseme uzi ni shilingi 6,000 na kikapu kinauzwa 8,000. Uzi umerudi, na mafundo yote 1,230 yamelipwa shilingi elfu mbili. Kama huyo mama anatoa sadaka, basi anamtolea mnunuzi.

Bara wameshalipeleka jambo hili mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki huku Zanzibar, inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wakati wa kugawa mali ya wanandoa. Swali likawa, je, kazi za nyumbani ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilijibu kwamba ndiyo, ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama iliona mume alishampa fedha za mradi na hazikutumika ipasavyo. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake waliokuja baada yake wameisimamia.

Simtaji Bi Hawa ili kusema kwamba sheria ya bara iletwe huku kama ilivyo. Namtaja kwa sababu ya swali ambalo majaji wale walikubali kulijibu. Hawakuridhika kutazama risiti ya matofali imeandikwa jina la nani. Walikubali kutazama nyumba nzima na kuuliza ilisimamaje. Swali hilo halihitaji sheria mpya ili liulizwe kwenye kikao cha wazee. Linahitaji mzee mmoja tu wa kuliuliza.

Sasa niupe upande wa pili haki yake, maana una hoja, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema hivi: kufuma kuna raha. Mtu anafuma huku anasikiliza redio, anacheka na jirani, anaangalia tamthilia. Hamali hana raha hiyo. Basi sehemu ya malipo ya mfumaji ameshajilipa kwa raha yake, na si haki alipwe kama aliyevunjika mgongo.

Ni kweli kufuma kuna raha. Mama yule wa Ng'ambo aliniambia kuna siku sindano ndiyo iliyomzuia asilie. Lakini tazama tunavyowatendea wengine. Mchezaji wa mpira analipwa kwa kucheza, na neno lenyewe ni kucheza, na sijasikia timu ikimkata mshahara kwa kuwa alicheka uwanjani. Mwalimu anayelipenda darasa lake halipwi pungufu ya mwalimu aliyenuna. Mie mwenyewe ni mwandishi wa habari. Zipo makala ninazoandika kwa raha mpaka nasahau kula, na mhariri akiniambia atanilipa nusu kwa sababu nilifurahi, tutagombana. Raha ya kazi ni ya mfanyakazi. Haikuwa ya mnunuzi, kwa hiyo mnunuzi hana haki ya kuikata kwenye bei.

Na wala si kweli kwamba hatujui kulipa kazi ya kukaa. Tazama kofia za viua. Wanawake wengi huzishona, wamekaa, wanazungumza, na moja huweza kuchukua wiki nyingi. Mnunuzi wa kofia anajua kuangalia. Anaigeuza ndani nje, anapima vitundu kwa jicho kama vimelingana, anapitisha kidole. Halafu anatoa pesa ya maana, na anaivaa kofia yake harusini kwa fahari. Hajawahi kumwambia mshonaji kwamba alikuwa anapitisha wakati. Tofauti ya kofia na kikapu haiko kwenye kivuli. Kofia inakwenda kichwani mwa mwanaume, mbele za watu. Kikapu kinakwenda jikoni na vitunguu. Tumeipa kazi thamani kwa kuangalia inapoishia badala ya kuangalia ilivyotengenezwa.

Kuna kosa jingine, lenye sura nzuri zaidi. Pita Mtaa wa Gizenga, ingia madukani, utakuta vikapu vinauzwa kwa kumweleza mgeni kwamba akinunua atakuwa amemsaidia mwanamke wa kijijini. Nia ni njema, na pesa ni pesa. Lakini anayenunua kwa huruma amenunua umasikini wa mfumaji; kikapu amepewa juu yake kama nyongeza. Siku mfumaji akipata nafuu, akavaa vizuri, akapandisha bei, huruma inakwisha na mteja anakwenda duka la jirani. Huruma inafanana na dharau kwa jambo moja: zote mbili hazijakitazama kikapu.

Serikali ya Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na bara ikafuata mwaka 2019, tulikumbushwa kwamba kikapu kina matumizi. Ni jambo jema. Ila sheria inaweza kukukataza mfuko. Haiwezi kukufundisha kukiheshimu kikapu. Hilo linabaki kazi yetu.

Sisemi kila kikapu kiuzwe, wala kila fundo liandikiwe hati. Vikapu bora nilivyowahi kuviona havikuwa vya kuuza. Vilifumwa kwa ajili ya mzazi aliyejifungua, kwa bibi asiyeona vizuri ili apate pa kuweka tasbihi yake, kwa mtoto anayekwenda dahalia. Ningechukia kuishi kwenye nyumba ambayo kila kitu kina bei. Lakini zawadi nayo inahitaji kazi iheshimiwe kwanza. Ukipewa kitu unachoamini hakikumgharimu mtoaji, umekipokea tu kama embe lililodondoka. Tukisema kufuma ni kupitisha wakati, tumewanyang'anya wanawake hawa hata uwezo wa kutoa.

Mama yule bado anafuma. Wiki chache zilizopita mteja, kijana mwenye nyumba ya wageni, alimtaka apunguze bei. "Bi mkubwa," akamwambia, "si unafuma huku unapiga soga?" Akamjibu bila kuinua macho, "Soga zangu siziuzi, mwanangu. Nauza kikapu." Yule kijana akacheka, akalipa. Sijui kama alielewa au aliona haya. Kwa siku ile ilitosha.

Kwenye vikao vya wazee haitoshi. Huko hakuna bei kwenye karatasi, na mwenye kuulizwa mchango wake huwa amekuja na mikono mitupu, kwa sababu alichochuma kimeshaliwa, kimeshavaliwa, kimeshafutwa ubaoni. Basi tuanze na maswali madogo. Sare za mwaka wa kwanza alinunua nani? Gesi ilipokatika, pesa ilitoka mfuko gani? Matofali yalipokuwa yananunuliwa, nyumba ilikula nini? Maswali haya hayamvunjii mume heshima kama alitimiza lake. Na majibu yake wazee wengi wanayo tayari, maana nao wamelelewa na mama waliokaa kivulini, na mikono yao inakwenda.